Na ya Kutolea

Mtanzania akiombwa shilingi 20,000 kwa simu, mara nyingi haombwi 20,000 tu. Anaombwa 20,000 “na ya kutolea”. Maneno haya matatu yameingia kwenye adabu yetu yakakaa karibu na “shikamoo” na “karibu chakula”. Ukiyasahau mjomba hatakwambia kitu, lakini atakuwa ameona. Anayetuma 20,000 kamili anajua kwamba mpokeaji hatazishika zote mkononi, kwa sababu zitakatwa akifika kwa wakala. Anayeongeza ya kutolea anasema: nimeifikiria hela hii mpaka mwisho wa safari yake.

Adabu hii haikutungwa na benki, wala haikupitishwa na Bunge. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata, na kila mmoja ukaja na jedwali lake la makato. Jedwali linasema anayetuma alipie kutuma, anayetoa alipie kutoa. Watu wakalisoma, wakalikubali kwa sababu hawakuwa na namna, kisha kimyakimya wakatunga kanuni yao juu yake: mwenye uwezo alipie pande zote mbili.

Kanuni yenyewe tunayo tangu zamani. Bibi akija mjini kumwona mjukuu wake, harudi kijijini kwa nauli yake mwenyewe. Atapewa nauli, na ikiwezekana na sukari ya kushika mkononi. Hakuna anayemwambia, “Bibi, wewe ndiye uliyepanda basi, kwa hiyo basi ni lako.” Ya kutolea ni nauli ya fedha. Ndiyo maana kutuma bila kuiweka kunafanana na kumsindikiza mgeni mpaka stendi kisha kumwacha hapo mikono mitupu.

Nimeanzia hapa kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu makato ya benki na ya simu huwa ya kulalamika tu, na malalamiko, hata yakiwa ya haki, hayatuambii haki yenyewe iko wapi. Swali ninalotaka kuliuliza ni la maadili. Je, ni haki mtu kulipa ili aifikie hela yake mwenyewe? Na kama ni haki, ni nani alipe, kiasi gani, na amlipe nani?

Nenda Kizota, magharibi mwa katikati ya jiji la Dodoma, upande wa barabara ya Singida. Ni eneo la maghala na viwanda. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ana maghala yake huko, na msimu wa mahindi malori hupanga foleni. Palipo na magunia pana vibarua, palipo na vibarua pana mama ntilie, na palipo na mama ntilie hapakosekani mwavuli wa wakala wa simu. Jioni moja nilisimama kwenye mwavuli kama huo nyuma ya kijana mwenye vumbi la magunia mabegani. Msimamizi wake alikuwa amemtumia ujira wa siku kwa simu, shilingi 8,000.

“Dada, nitolee zote.”

“Zote haziwezi kutoka, kaka. Lazima ubakishe ya makato.”

Akafikiri kidogo, akatoa 7,000. Makato yakapita, na katika simu yake zikabaki mia kadhaa ambazo hazitoshi kutolewa wala kununulia chochote isipokuwa vocha. Hakugomba. Alizihesabu noti zake akaenda kununua chakula. Ameshazoea kwamba hela yake ina sehemu inayofika mkononi na sehemu nyingine anayoisoma tu kwenye skrini.

Sasa tufanye hesabu, kwa namba za mfano tu ambazo si jedwali la kampuni yoyote. Tuseme kutoa kiasi chochote kati ya 5,000 na 10,000 kunakatwa 600. Anayetoa 10,000 amekatwa asilimia 6. Anayetoa 5,000 amekatwa asilimia 12. Tuseme pia kutoa milioni moja kunakatwa 8,000, yaani chini ya asilimia moja. Hakuna aliyekaa akaamua kumwonea maskini. Ngazi za makato ndivyo zilivyo: ukipanda, kila hatua inakuwa nyepesi. Ila ona inavyomkuta kibarua wetu. Akitoa kila jioni kwa siku sita, atakuwa amekatwa 3,600 kwa wiki. Mtu mwenye ujira uleule wa 48,000, anayelipwa mara moja mwisho wa wiki, anatoa mara moja na kukatwa mara moja. Wamefanya kazi sawa, wamepata ujira sawa, na wote ni wateja wa mtandao mmoja. Aliyelipa zaidi ni yule ambaye hela yake inakuja vipande vipande.

Huu ndio ufafanuzi wa umaskini ambao sijauona kwenye vitabu vyetu vya darasani: kupata fedha kwa vipande vidogo, na kulipia kila kipande.

Kabla ya kukasirika, tumsikilize dada wa mwavuli, maana upande wake una hoja nzito. Yeye hula kwa kamisheni. Ana floti aliyoitafuta kwa shida, anakaa na noti taslimu juani, na wateja wakiisha jioni anazibeba kwenda nyumbani akiwa na hofu. Akiishiwa floti mchana inabidi afunge akaitafute. Kuna minara inayohitaji umeme, kuna kompyuta zinazotunza hesabu, kuna watu wa kupokea simu hela ikienda kwa mtu siye. Zamani hela ya kijijini ilifungwa kwenye bahasha akapewa kondakta wa basi, na mara nyingine bahasha ilifika imepungua, au haikufika kabisa. Aliyeishi mbali na benki alipoteza siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi ili achukue hela kidogo. Ukilinganisha na hayo, makato ya kutoa ni nafuu kubwa. Kazi imefanyika, na mfanyakazi anastahili ujira wake. Anayedai huduma zote ziwe bure anadai dada yule akae juani bure.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kila kato ni dhuluma. Ninachoweza kusema ni kwamba ndani ya neno moja, “makato”, tumefungasha vitu vitatu vyenye uzito tofauti wa kimaadili. Kuna bei ya kazi: ya wakala, ya mnara, ya mtambo. Kuna kodi ya serikali: ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwenye ada hizo, na VAT ya asilimia 18. Na kuna kitu cha tatu ambacho nitakiita hela ya mlangoni, kiasi kinachotozwa kwa sababu tu mtozaji ndiye aliyekaa pale ambapo wote lazima tupite. Bei tunaweza kuijadili kama bei nyingine yoyote, na kodi kama kodi. Hela ya mlangoni ndiyo ngumu, kwa kuwa huvaa nguo za hizo mbili.

Mwaka 2021 Watanzania tulipata somo la wazi kuhusu jambo hili. Bunge, ambalo liko jijini Dodoma, mwendo mfupi tu wa daladala kutoka Kizota, lilipitisha Sheria ya Fedha iliyoweka tozo kwenye miamala ya simu. Kuanzia tarehe 15 Julai 2021 kutuma na kutoa kukawa na tozo ya kuanzia shilingi 10 hadi 10,000, juu ya ada za kampuni. Kelele zilikuwa kubwa, na Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000, lakini tozo ikapanuliwa kufika kwenye miamala ya benki, na kelele zikaanza upya. Septemba 2022 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alitangaza bungeni mabadiliko ya kuanza Oktoba 1. Tozo ikaondolewa kwenye kuhamisha fedha kati ya benki na simu, na kwenye kutoa fedha taslimu zisizozidi 30,000 kwa wakala wa benki au ATM. Bajeti ya 2023/24 ikaiondoa kwenye kutuma.

Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi, na sitaki kuipita haraka. Ilisema nchi inahitaji vituo vya afya, madarasa na barabara za vijijini, na kwamba sote tuchangie kwa mshikamano. Wigo wa kodi ya mapato Tanzania ni mwembamba, kwani wengi wetu tunaishi kwa kilimo na biashara ndogo zisizo na hesabu za kukaguliwa. Tangu kodi ya maendeleo ya kila kichwa ilipofutwa mwaka 2003, serikali haijapata tena njia rahisi ya kumfikia mwananchi mmoja mmoja. Wazee wanakumbuka mgambo wa kodi na wanaume waliolala porini kuwakwepa. Ukiilinganisha na mgambo, tozo ya simu ni ya kistaarabu: haikufukuzi mtu, haikuchukulii mbuzi. Na madarasa yanayojengwa kwa fedha hizo yanasomewa na watoto wa vibarua wa Kizota pia.

Kosa lake lilikuwa kwingine. Kodi ya mapato inauliza, “Umepata nini?” Kodi ya manunuzi inauliza, “Umetumia nini?” Tozo ile iliuliza, “Hela yako imepita wapi?” Kupita kwenyewe hakuonyeshi uwezo wa mtu. Chukua 20,000 ya kijana aliyeajiriwa Dar es Salaam. Imetoka kwenye mshahara ambao umeshakatwa kodi. Anamtumia mama yake Bahi, mama anamtumia binti aliye shule, binti anamlipa fundi wa viatu. Utajiri haujaongezeka hata shilingi moja njiani, lakini kila mlango umechukua chake. Tena kiwango cha juu kilipoishia 10,000, aliyehamisha milioni 10 hakutozwa zaidi ya hapo, ambayo ni moja ya kumi ya asilimia. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, aliweka sharti la kwanza la kodi nzuri kuwa kila mtu achangie kwa kadiri ya uwezo wake. Hatukuhitaji kwenda Scotland kulijifunza. Anayejua kuweka ya kutolea analijua tayari.

Kuna kichekesho kichungu hapa. Hela nyingi zinazopita kwenye simu zetu hazikuwa za biashara. Ni rambirambi, ni mchango wa harusi, ni dawa ya baba, ni ada ya mdogo wangu, ni “nisaidie mpaka mwisho wa mwezi”. Huo ndio mshikamano wenyewe, ukiwa unatembea. Serikali iliyotaka kujenga mshikamano iliukuta njiani ukifanya kazi yake, ikautoza.

Majirani nao wamepita humo. Uganda iliweka kodi ya asilimia moja kwenye miamala ya simu Julai 2018, na kabla mwaka haujaisha ikabidi iishushe hadi nusu asilimia, tena kwenye kutoa tu. Kenya ilionyesha upande mwingine wa sarafu. Machi 2020, korona ilipoingia, ada za kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 za Kenya ziliondolewa kwa muda ili watu wapunguze kushika noti. Mitambo haikuanguka, na kampuni hazikufa. Ada ambayo jana ilikuwa haiwezi kuguswa, ikaguswa kwa mkutano mmoja. Hilo halithibitishi kwamba huduma inaweza kuwa bure milele. Linathibitisha kwamba jedwali la makato huandikwa na watu, na watu wanaweza kuulizwa.

Benki zina namna yao tulivu zaidi. Niliwahi kuacha shilingi elfu kadhaa kwenye akaunti ya benki moja, nikarudi baada ya miezi nikakuta zimeisha. Hapakuwa na wizi. Yalikuwa makato ya kila mwezi ya kutunza akaunti, na kila kato lilikuwa limeandikwa vizuri kwenye taarifa. Dada wa dirishani alikuwa na adabu kabisa. Nilichobaki nacho ni swali dogo. Benki hukopesha fedha za wenye amana na kupata riba, kwa hiyo salio langu lilikuwa likiifanyia kazi, hata kama kazi ndogo. Kwa nini salio dogo lilipie kulala, ilhali mwenye salio kubwa hupewa akaunti isiyo na makato, kiti na kahawa? Jibu la biashara ninalijua: akaunti ndogo nyingi zina gharama kuliko kubwa chache. Lakini jibu hilo linaeleza tu sababu ya benki kufanya hivyo. Kama ni haki, bado halijasema.

Matokeo yake unayaona mitaani. Kina mama wanarudi kwenye vikoba, na sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti. Wafanyabiashara wadogo wanasema, “Nipe taslimu.” Sanduku lina uzuri wake, kwani riba inabaki kwa wanachama na makato hakuna. Lakini sanduku huibwa, huungua, na halimpi mtu kumbukumbu ya kuonyesha akitaka mkopo mkubwa. Mtu anayekimbia makato anaikimbia pia njia ya kutoka alipo. Hiyo ndiyo hasara kubwa, na haionekani kwenye ujumbe wowote wa simu.

Nikirudi kwenye swali langu, naona kato likipita vipimo vitatu linaweza kuitwa la haki. Cha kwanza: je, linalingana na kazi iliyofanyika? Dada wa mwavuli anapita hapa, ila akaunti iliyolala inapita kwa shida. Cha pili: je, mlipaji angeweza kulikwepa bila kuumia? Anayechagua kutuma usiku wa manane badala ya kusubiri amechagua. Kibarua anayelipwa kwa simu kwa sababu msimamizi ameamua hivyo hakuchagua kitu, na kumtoza kuifikia mishahara yake ni kumpunguzia ujira kwa mlango wa nyuma. Cha tatu: je, mlipaji anajua analipa nini na kwa nani?

Kipimo hiki cha tatu kilinishangaza, kwa sababu tozo ya 2021 ilikipita. Ilikuja kwenye ujumbe ikiwa imejitaja kwa jina: ada ya mtandao kiasi hiki, tozo ya serikali kiasi hiki. Ushuru wa bidhaa na VAT vilikuwa vimejificha ndani ya ada kwa miaka na hatukupiga kelele. Tuliichukia kodi iliyokuwa na ukweli wa kutosha kujitambulisha. Hata hivyo, kujitaja huko ndiko kulikoifanya irekebishwe, kwani watu waliweza kupiga picha ya skrini na kuuliza. Maumivu yasiyo na jina hayafiki bungeni. Kwa hiyo ninaiombea kila benki na kila mtandao tabia ile ya tozo: utuandikie bei ya kazi ni ngapi, kodi ngapi, na kinachobaki ni cha nani.

Na ya kutolea je, haitoshi? Haitoshi, ingawa naipenda. Inamwelemea kijana mmoja mwenye ajira na ndugu kumi na wawili, ambaye kila mwezi analipia pande zote mbili za kila muamala. Inategemea wema wake, na wema una siku zake. Zaidi ya yote, ni kanuni ya wenye ndugu. Inamlinda anayetumiwa na mtu anayempenda. Kibarua anayetumiwa ujira na msimamizi haimhusu, maana ujira hauna shangazi.

Ndiyo maana sheria ipo: kumfanyia mtu asiye na wake kile ambacho ndugu wangemfanyia. Msamaha wa 2022 kwa kutoa kisichozidi 30,000 ulikuwa tozo ikijifunza adabu ya kawaida kabisa ya Watanzania, kwamba aliye na kidogo asilipie njia. Haukufika kwenye ada za kampuni zenyewe, lakini ulionyesha kwamba jedwali linaweza kuandikwa kuanzia chini. Kuna namna nyepesi za kuuendeleza. Mwajiri anayelipa kwa simu alazimike kuongeza gharama ya kutoa juu ya ujira. Utoaji mdogo wa kwanza wa kila siku uwe bure, na wakala alipwe kamisheni yake kutokana na miamala mikubwa. Salio dogo lisikatwe kwa kulala.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalotaka falsafa ngumu. Tunayafanya kila siku kwa vidole vyetu, tunapoandika 20,000, tukasita, tukafuta, tukaandika 21,500.